Kiti Kimoja kwa Mapacha

Mimi nina ulimi mkali, sikatai. Mama mzazi alisema nilizaliwa nikigomba. Mume wangu Mukendi, aliyekuwa fundi wa mashine katika karakana ya mgodi hapa Kolwezi, alizoea kusema kwamba anakwenda kazini kupumzisha masikio. Lakini mwaka ule Mbuyi wetu alipokataa kukanyaga chini, hata ulimi wangu ulichoka.

Mbuyi na Kanku ni mapacha. Kwetu sisi watu wa Kasai pacha wa kwanza huitwa Mbuyi, wa pili Kanku, na mama yao hupoteza jina lake siku hiyo hiyo. Mimi Ngalula nikawa Mwa Mbuyi, mama wa Mbuyi. Mukendi akawa Sha Mbuyi. Wetu walikuwa mvulana na msichana, walikuwa wanaelekea miaka mitatu, na walikimbia kutwa nzima kati ya nyumba za kampuni kule Dilala hadi siku Mbuyi alipotumbukia kwenye mtaro wa mvua mbele ya mlango wetu na kuvunjika paja.

Wakamfunga plasta tangu kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu. Ilipotolewa, daktari aliinua picha ya mfupa dirishani, akatuambia kwa Kifaransa kwamba mfupa umeunga vizuri sana, mtoto anaweza kutembea. Mbuyi hakujua Kifaransa, kwa hiyo hakutembea. Ukimsimamisha aliukunja ule mguu juu kama kuku wakati wa baridi, akalia mpaka umketishe. Wiki zikapita. Majirani wakaanza kunipa pole kwa sauti ya msibani, na mmoja akaniambia hata viwete hupata wake siku hizi. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini nilipoingia ndani nililia, kwa sababu niliogopa. Nasema wazi: niliogopa kwamba mwanangu atakaa mlangoni maisha yake yote akiwatazama wenzake wakicheza.

Muuguzi wa hospitali alitaka tumlete mara kwa mara ili aunyooshe ule mguu na kuuzoesha kazi. Ni mbali kutoka kwetu, na mimi nilikuwa na mimba kubwa, mgongo hauwezi kubeba hata mwiko. Ndipo alipokuja Mama Bilonda, dada mkubwa wa Mukendi, kutoka Mutoshi, kunisaidia. Aliniletea pia sheria, kana kwamba sikuwa nayo.

Sheria ya mapacha ni hii: akipewa mmoja, apewe na mwenzake, saa ile ile. Mayai mawili, nguo mbili zilizokatwa kitambaa kimoja, na ukimchapa huyu umchape na huyu. Usipofanya hivyo, yule aliyenyimwa hukasirika moyoni akafa, akarudi alikotoka, na mara nyingi humvuta mwenzake waende wote. Msidhani niliicheka. Niliifuata tangu siku walipozaliwa. Shida ni kwamba sasa Mbuyi alikuwa anabebwa, kwa hiyo Kanku naye ilibidi abebwe. Mama Bilonda alimfunga mmoja mgongoni, akampeleka hadi kona, akamshusha chini ya uangalizi wangu, akarudi kumchukua wa pili. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunakwenda hospitali, kama watu wanaohamisha magunia.

Kanku aliyapenda maisha hayo. Siku moja nilimkuta ameketi ukutani karibu na kaka yake, mguu wake mzima ameukunja juu vile vile.

"Mama, mi pia," akaniambia. "Nibebe."

"Simama!"

"Mi siwezi. Inaniuma."

Nilikuwa na mtoto mmoja asiyetembea. Sasa nilikuwa naelekea kuwa na wawili, na wa tatu tumboni anasikiliza.

Jioni ile nilimwambia Mukendi nataka puseti, kile kigari cha kusukumia mtoto ambacho wake wa Wazungu walikuwa wakipita nacho barabarani. Madukani havikuwapo tena. Ilikuwa ile miaka ya Zaire ambapo maduka ya wageni yalikuwa yamechukuliwa na serikali yakagawiwa wenyeji, na wenyeji walikuwa wamekwisha kuuza kila kitu hadi rafu. Lakini Wazungu waliorudi kwao walikuwa wameacha vyombo vyao, na vyombo hivyo vilikuwa kwa Tata Alfani, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, mwenye lori moja na ghala karibu na soko. Kitu ambacho Tata Alfani hana, watu walisema, hakijatengenezwa.

Jumamosi tukaenda wote, Mukendi amembeba Mbuyi, Mama Bilonda amembeba Kanku, mimi nimejibeba mwenyewe. Tata Alfani alitupokea mlangoni, kofia yake nyeupe kichwani, akaamuru tuletewe viti.

"Karibu, Mwa Mbuyi. Karibu, mama mukubwa. Pusete niko nayo mbili. Mutachagula."

Akazitoa uani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya rangi ya buluu, viti viwili vimekaa sambamba, paa la turubai, magurudumu manne na springi chini yake. Ilikuwa kitanda cha harusi, siyo kigari. Ya pili ilikuwa ndogo. Kiti kimoja cha turubai yenye mistari, gurudumu moja mbele, mawili nyuma, mpini wa bomba lililokunjwa, na chini ya mpini, usawa wa tumbo la mtoto, bomba jingine lililopita upande hadi upande ambalo mwenyewe wa zamani bila shaka alikuwa akining'iniza kikapu.

Mama Bilonda hakuiangalia hata hiyo ya pili. Alishika paa la ile kubwa kama aliyekwisha kufika nayo nyumbani.

"Ni hii," akasema. "Batoto babili, biti bibili. Mungu mwenyewe njo aliileta."

"Mama, hii haiwezi kupita ku mulango yetu," nikasema.

"Mulango batakata."

"Na mutaro? Na ule muchanga wa njia ya hopital? Nani atasukuma hii mutumbwi, mi na hili tumbo?"

Mukendi alikuwa amepiga magoti mbele ya ile ndogo. Alikuwa ameisahau dunia. Alizungusha gurudumu la mbele kwa kidole, akatega sikio karibu nalo, akaligeuza kulia na kushoto.

"Hii ya tatu iko muzuri," akasema. "Magurudumu ine, kama chini haiko sawa, moya inabaki mu hewa. Tatu yote inakanyaga. Ni kama mafiga: tatu, chungu haitetemeki."

"Mukendi," dada yake akamwita, polepole. "Simama uniangalie."

Mukendi akasimama.

"Mapasa habapewe kiti moya. Weye unajua. Mi hii maneno sikuisikia ku bantu. Niliona na macho."

Kisha akasema jambo ambalo tangu niolewe katika ukoo ule sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikuwa amezaa mapacha, zamani, wasichana, kabla mimi sijajua kuhesabu. Mjomba mmoja alitoka safarini na kofia moja ya sufu. Ilikuwa msimu wa baridi. Mtoto mmoja alikuwa anakohoa, wakamvalisha huyo. Yule mzima akaikodolea kofia macho siku nzima. Kabla ya Jumapili aliyekufa alikuwa yule mzima.

"Mi njo nilimuvalisha mwenzake," akasema. "Hii mikono."

Tata Alfani aliinamisha kichwa akanong'ona dua yake. Mimi nilikuwa na jibu tayari mdomoni, kali, nikalimeza lote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wiki zile zote nilikuwa nimemwona Mama Bilonda kuwa mwanamke anayependa kuamuru. Kumbe alikuwa anaogopa.

"Basi tujaribu zote mbili," nikasema kwa upole ambao ulimshangaza mume wangu. "Tuangalie batoto wenyewe."

Tukaijaribu kubwa kwanza, kwa heshima yake. Watoto wakaketishwa, Mukendi akasukuma kuelekea langoni. Kwenye lango ikakwama, ubavu huu na ubavu huu. Wakainyanyua yeye na Tata Alfani, wakaipitisha kimshazari, na ilipofika barabarani gurudumu la mbele likaingia shimoni, la nyuma likabaki juu, na springi zikaanza kulia. Mbuyi aliogopa akajishikilia. Lakini Kanku! Kanku alikuwa amejilaza chali, paa kichwani, mikono nyuma ya shingo, mguu amekunja.

"Mi sitembee tena," akatangaza. "Mi ni wa hapa."

"Toka!" Ulimi wangu ulikuwa umerudi. Nilimtoa humo kwa mkono mmoja, mimba na yote. "Mama Bilonda, unamusikia? Hii kitu itanipa biwete bibili! Moya alianguka mu mutaro, mwingine atanunuliwa ku Tata Alfani!"

Tata Alfani alikohoa ili asicheke. Mama Bilonda hakucheka. Lakini alimtazama Kanku vizuri, na nadhani kwa mara ya kwanza aliuona ule mguu mzima uliokunjwa.

Tukaleta ile ndogo. Mukendi akamweka Mbuyi kitini, akamfunga mkanda. Kanku alipoona kwamba kiti ni kimoja na kimekwisha, akafungua kinywa akapiga yowe ambalo lilisimamisha wapita njia. Mama Bilonda aliruka kumtoa Mbuyi, uso wake umebadilika kabisa. Lakini Kanku akiwa na hasira hangoji mtu. Alikimbia kwa miguu yake miwili, ile ile iliyokuwa inamuuma, akalikamata lile bomba la chini, labda akitaka kumwaga kaka yake barabarani. Kigari kikaenda. Akanyamaza. Akasukuma tena, kikaenda tena, na Mbuyi akacheka, na Kanku akacheka, na gurudumu la mbele likapinda lenyewe likakwepa jiwe.

"Ona, mama," nikasema haraka, kabla baraka haijapoa. "Huyu eko na kiti, huyu eko na mupini. Kila mutoto na yake."

Mama Bilonda akatikisa kichwa. "Kiti na mupini haiko kitu moya."

"Basi batapokezana! Leo huyu anaikala, mwenzake anasukuma, kisha banabadilisha!"

"Unasema?"

"Ninasema!"

"Tata Alfani, umesikia?"

"Nimesikia," akasema mzee wa watu. "Amesema."

Ndivyo ninavyofanya mimi: nikitaka kushinda nasema lolote lililo karibu. Bei wanaume walimalizana wenyewe. Sisi tukashika njia ya nyumbani na ile puseti ya magurudumu matatu, Mbuyi kitini, Kanku nyuma akisukuma, Mukendi pembeni akiiangalia kama aliyeizaa. Nilikuwa nimefurahi hadi tulipofika mwanzo wa nyumba za kampuni, hapo barabara inapoteremka kidogo kuelekea kwetu. Hapo Kanku akaachia bomba.

"Mi nimechoka. Sasa mi ku kiti."

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimeahidi.

"Ngoja tufike nyumbani," nikasema. "Mbuyi hawezi kusukuma. Mutoto hakanyagi."

Mama Bilonda alisimama katikati ya barabara. "Ulisema mbele ya bantu. Mutoto wa pili amesikia vile ulisema. Unataka akasirike?"

"Nitamubeba Mbuyi, Kanku aikale."

"Kanku alisukuma. Mbuyi naye asukume. Vile njo sawa." Akanishika mkono. "Mwa Mbuyi, tafazali. Mi siwezi kuona hii mara ya pili."

Nikamtazama Mukendi aniokoe. Mume wangu alikuwa ameweka kiatu chake mbele ya gurudumu la nyuma ili kigari kisiteremke. Akanitazama mimi, akamtazama dada yake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutenda kuliko kusema, akamfungua Mbuyi mkanda.

Mama Bilonda alimweka Kanku kitini yeye mwenyewe. Kisha akambeba Mbuyi hadi nyuma, akamshusha, akamshikisha lile bomba la chini kwa mikono yake yote miwili. Mbuyi alisimama kwa mguu mmoja. Mwingine ameukunja. Mdomo ulikuwa tayari umeanza kupinda, nami nikanyoosha mikono kumnyakua.

Mukendi akaondoa kiatu.

Nilipiga kelele, naambiwa zilisikika hadi sokoni. Kigari kilianza kwenda, polepole, na Mbuyi akiwa ameshika bomba akavutwa nacho. Hakuwa na la kufanya ila mawili, aachie au akanyage. Mbele yake Kanku aligeuka kitini akamcheka, akampungia mkono wa kwaheri, yule yule ambaye kila kitu hupewa sawa na yeye. Mbuyi hakulia. Alikasirika. Uso wake uligeuka wangu mtupu.

"Kanku, ngoja!"

Akashusha mguu. Akaukanyaga chini, akauinua upesi kama aliyekanyaga majivu ya moto, na kwa kuwa kigari hakikungoja akaukanyaga tena. Huu, na huu. Huu, na huu. Alikuwa anachechemea, makalio yanakwenda upande, lakini uzito wake ulikuwa juu ya lile bomba, na kigari hakikuinuka mbele wala kuyumba, kwa sababu Kanku alikuwa amekaa humo. Kingekuwa kitupu kingempindukia. Mukendi alikuwa anatembea pembeni yake amejikunja, mikono wazi, hamgusi. Wakafika hivyo hadi mlangoni kwetu, wakaupita mtaro juu ya ubao uliolazwa hapo, Mukendi akishika mbele, na Mbuyi akauliza kwa nini tumesimama.

Sijui niliwafikiaje. Nilijikuta nimekaa kwenye kizingiti, nacheka na kulia, na mtoto wa tumboni anapiga teke. Mwanangu anatembea! Majirani walitoka. Yule wa viwete na wake zao alitoka pia, nikamwonyesha kwa kidole bila kusema neno, na kwangu hilo ni jambo la ajabu.

Mama Bilonda alikuwa bado barabarani, pale pale walipoanzia. Alikuwa ameketi chini kwenye vumbi jekundu na kitenge chake kizuri. Nilirudi kumchukua.

"Mama, simama. Ametembea."

"Nimeona." Alikuwa anajipangusa kwa ncha ya kitenge. "Na Kanku? Kanku amekasirika?"

"Anacheka. Anakatala kutoka ku kiti."

"Anacheka," akarudia. Akaitazama mikono yake, ya kulia na ya kushoto, kisha akanipa yote miwili nimvute. Alikuwa mzito, na mimi nilikuwa na mimba, tukakaribia kuanguka wote, na hapo ndipo nilipomsikia Mama Bilonda akicheka kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu.

Hospitalini tulikwenda siku ya miadi iliyofuata. Njia nzima walipokezana, na mwamuzi alikuwa Mama Bilonda: hadi nguzo ile huyu, hadi nguzo ile huyu, na ole wako uibe nguzo. Tulipoingia kwenye ukumbi zamu ilikuwa ya Mbuyi kusukuma. Aliingia akichechemea nyuma ya kigari, kifua mbele, na Kanku ameketi humo na mguu wake mzima ameunyoosha kama mke wa mkurugenzi.

Muuguzi alikuwa mgeni, hakutujua. Alimwinamia Kanku kitini, akamshika mguu kwa huruma.

"Ni huyu mugonjwa?"

"Ni miye," Kanku akamjibu. "Kisha Mbuyi. Tunapokezana."